Neno Alilosema Nekesa Kabla Kompyuta Haijazima

Jumatano. Niko Kawangware, kwa dada yangu Rispa. Mawingu yametanda tangu asubuhi lakini mvua imekataa kunyesha, imebaki baridi tu. Kucha zangu zina masizi. Nimenawa kwa sabuni ya kipande, nikanawa tena kwa sabuni ya vyombo, na bado nikileta mkono karibu na pua nasikia harufu ya waya iliyoungua.

Naandika ili nitulie.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: Nekesa ni binti yangu, ana miaka kumi na moja. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Hatembei, na mdomo wake hautoi maneno, lakini kila kitu anakielewa, hata yale tunayonong'ona tukidhani hasikii. Tangu akiwa mdogo tunaongea kwa macho. Akiangalia juu, ni ndiyo. Akifumba macho kwa nguvu, ni hapana. Kwa miaka mingi tulikuwa na hayo mawili tu.

Kisha ikaja kompyuta. Ni laptopu ya kawaida, ila ndani ina programu ya picha. Picha zinawaka moja baada ya nyingine, na ikifika ile anayoitaka, Nekesa anagonga kitufe kikubwa chekundu kwa ngumi, na kompyuta inalitaja neno. Sauti ni ya Rispa. Mwalimu wa mazoezi ndiye aliyemrekodi, kwa sababu Rispa anatamka vizuri na hakohoi kama mimi. Watu wa kanisa walichanga, tukainunua katika duka moja mjini, na juu yake tukalipia waranti ya ziada, maana kila mtu alituonya kwamba vitu vya stima havina dhamana siku hizi.

Neno la kwanza Nekesa alilolichagua lilikuwa "ugali". La pili, "sitaki".

Kumbe miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa naumega tu na kumpa.

Halafu ikaanza kuharibika. Mara ya kwanza ilizima jioni, pap, kama mtu amepuliza mshumaa. Nikaibeba hadi mjini. Msichana wa kaunta, anaitwa Faith, akasoma karatasi ya waranti, akaniambia niiache. Wakabadilisha chaja. Tukakaa nayo wiki kama mbili hivi, ikazima tena. Wakabadilisha betri, na kitu fulani cha ndani wanachokiita bodi. Ikarudi, ikafanya kazi siku chache, ikafa. Mara ya tatu waliniambia hawakuona shida yoyote.

"Hapa kwetu inawaka tu, mama," Faith akasema, akaigeuza nione. Na kweli ilikuwa inawaka. Nikasaini, nikaifunga kwa leso, nikaibeba kifuani kama mtoto mchanga hadi nyumbani kwetu, mtaa wa mabanda wa Lindi. Wiki haikuisha, ikafa.

Kila ikienda mjini, Nekesa ananyamaza. Sijui nielezeje. Ukiwa hujawahi kuongea ni jambo moja, lakini yeye alikuwa ameshaonja. Wakati mmoja nilimkuta anagonga meza kwa ngumi, mahali kitufe kinapokaa, akiangalia mahali skrini inapokaa. Niliogopa kwamba siku moja ataacha kugonga.

Kumbe hiyo ilikuwa hofu ndogo.

Sasa nieleze jioni yenyewe. Mimi napika chakula cha mchana kwa vibarua wa mjengo, natoka asubuhi na mapema na kurudi jua likizama. Mchana Nekesa anashinda na jirani yangu, Mama Otis. Ni mama mtu mzima, mwenyeji wa upande wa ziwani, watoto wake wameshajitegemea. Jioni anauza omena, dagaa wa huko kwao, pale njiani. Chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta mmoja tu. Amemlea Nekesa tangu akiwa na miaka mitatu, na anamwita *nyathina*, yaani mtoto wangu. Anashinda naye kwangu, Nekesa akiwa kwenye kitanda chake mwenyewe, ili asimhamishehamishe.

Jioni hiyo Mama Otis alikuwa ametoka tu kwenda kupanga omena zake. Nilikuwa nachambua kunde. Nekesa akagonga kitufe, na sauti ya dada yangu ikasema, "Naogopa."

Nikacheka kidogo. Nilidhani amekosea picha, kwa sababu "naogopa" iko karibu na "nafurahi". Akagonga tena. "Naogopa." Taa ya chumba ikafifia, ikawaka kwa nguvu kuliko kawaida, na kompyuta ikazima.

Niliacha kunde, nikapiga magoti kando ya kitanda. "Unaogopa nini, mama?"

Bila kompyuta ilibidi nibahatishe. Panya? Akafumba macho. Giza? Akafumba. Umeota vibaya? Akafumba. Unaumwa? Akafumba. Kulikuwa na swali moja nililokuwa nalizunguka, nikalisogelea polepole kama mtu anayesogelea mbwa asiyemjua.

"Ni mambo ya mtu?"

Macho yakaenda juu.

"Ni mtu ninayemjua?" Juu. "Ni... ni Mama Otis?"

Macho yakaenda juu kabisa, kwenye kona ya ukuta juu ya kitanda chake, na hayakushuka. Machozi yakaanza kumtoka. Nikamwita, nikamgeuza kichwa, na macho yakarudi kule kule juu.

Nilielewa nilivyoelewa.

Mwenye mtoto asiyeongea anaijua hofu hiyo. Pale kliniki akina mama wanaizungumzia kwa sauti ya chini wakingoja foleni. Kwamba kuna mtu atafanya kitu, na mtoto hatasema. Unaenda kazini na hofu hiyo kila siku, umeikalia ili isikutangulie kurudi.

Asubuhi yake nilimkagua Nekesa mwili mzima. Hakuna alama. Badala ya kunituliza, ikanitisha zaidi. Nikaanza kumtazama Mama Otis kwa jicho lingine. Namna anavyoshika kijiko. Namna anavyompangusa mate kwa upindo wa kanga yake. Mambo ambayo nilikuwa nimeyashukuru kwa miaka, sasa kila moja lilikuwa na kivuli nyuma yake. Nilikuwa naongea naye nikitabasamu tu.

Nikaipeleka kompyuta mjini mara ya nne. Wakati huu sikuitaka kwa sababu ya mazoezi wala masomo. Nilikuwa naitaka kama shahidi.

Faith akaandika, kisha akainua kichwa. "Mama, niulize tu. Stima ya nyumbani ni ya tokeni, ile ya mita, ama ni ya wale majamaa wa mtaa?"

Nilikuwa nimeisoma ile karatasi ya waranti hadi maandishi madogo ya chini. Inasema wazi kwamba kifaa kikiharibiwa na stima mbovu, hawahusiki. Na stima yetu inaletwa na jamaa tunayemwita Bonzo, aliyeitoa anakojua yeye, akaitandaza juu ya mabati ya ploti nzima, vyumba vyote.

"Ni ya tokeni," nikamjibu.

Akaniangalia kidogo. Akaandika nilichosema.

Sikutaka kusikia alichokuwa ananiuliza. Nilichosikia ni kwamba wananitafutia sababu ya kunifukuza na kompyuta yangu. Nilitoka pale haraka kama mwizi.

Jumamosi nikafunga nguo za Nekesa kwenye begi. Nikamwambia Mama Otis kwamba Rispa ana hamu na mtoto, atakaa naye kidogo Kawangware.

"Kidogo mpaka lini?" akauliza.

"Sijui bado."

Alikuwa ameshika kikombe cha Nekesa, kile cha mdomo, alikuwa amekiosha. "Mama Nekesa, kuna mahali nimekukosea?"

"La. Hakuna."

Akakitia kikombe kwenye begi, akaifunga zipu, akarudi kwake. Hakunisindikiza.

Hapa Kawangware Rispa anashona nguo nyumbani, kwa hivyo mtoto hayuko peke yake. Nilitegemea Nekesa apumue. Badala yake alikataa chakula. Alilia bila sauti, yale machozi ya kushuka tu, hasa jioni inapoingia. Nikamwambia Rispa ni uchungu unaotoka, tumpe muda. Rispa ndiye mtu pekee niliyemwambia ninachoshuku. Aliachia kitambaa mapajani, akaniuliza, "Una hakika?" Nikamjibu, "Aliniambia mwenyewe."

Kila siku nilipiga simu dukani nikiwa nimeinamia sufuria. Wanangoja spea. Fundi hayupo. Siku moja kijana mwingine akapokea, akaniambia kwa uchangamfu kwamba huenda wakaifuta yote ndani na kuianzisha upya, si nina kopi ya vitu vyangu? Nikamwambia ndani kuna maneno ya mtoto. Hakuelewa. Nikawaza: wakifuta, hata lile neno linalofuata "naogopa" halitakuwapo tena la kuchaguliwa.

Jana Faith akapiga mwenyewe. Imepona, imewaka dukani tangu juzi bila kuzima. Leo nikaomba ruhusa kazini, nikaichukua, nikaja nayo moja kwa moja hapa.

Tukaiweka juu ya meza ya kushonea. Nikachomeka chaja ukutani, kisha nikakaa nikiingojea ife. Haikufa. Hapa ni nyumba ya mawe, ya mita, na taa ikiwaka inawaka vile vile. Nekesa aliona picha zinaanza kutembea, mwili mzima ukakakamaa kwa furaha mpaka Rispa akamshika asiteleze kitini.

Akagonga. "Rispa." Akagonga. "Chai."

"Haki huyu mtoto!" Rispa akacheka. "Ananituma kwa sauti yangu mwenyewe!"

Nikawaacha wacheke. Kisha nikavuta kiti. Nilikuwa nataka kujua, na nilikuwa nataka kompyuta izime nisijue. Yote mawili.

"Nekesa. Ulikuwa unaniambia unaogopa. Unaogopa nani?"

Akafumba macho. Hapana.

"Si mtu?"

Macho juu, mara moja, kisha yakarudi kwenye skrini. Picha zikaanza kupita. Ngumi yake inachelewa, inapita picha, inangoja zizunguke upya. Mwenye haraka hawezi kukaa na Nekesa.

"Moto," sauti ikasema.

"Moto wa jiko? Umeungua?"

Alifumba macho kwa hasira. Picha zikazunguka. "Kitanda." Zikazunguka. "Juu." Zikazunguka tena. "Moto."

Rispa akasogeza kiti chake karibu.

Kwenye programu kuna ukurasa wa watu, tuliwapiga picha na kuwaweka. Nekesa akaufungua. Sura yangu ikawaka, ikapita. Rispa akapita. Mchungaji akapita. Alipofika Mama Otis, amevaa kile kilemba chake cha kijani, ngumi ikashuka.

"Mama Otis." Kisha, baada ya kungoja sana, "Lala."

Moto. Mama Otis. Lala.

Pale ndipo nilipoona kona ile. Sikuiona kwa macho, niliikumbuka. Waya ya Bonzo inaingilia pale juu, inashuka nyuma ya katoni tulizopigilia ukutani kuzuia baridi. Katoni moja imebanduka kidogo, imeacha upenyo. Na Nekesa, ambaye akilazwa ubavu wa kushoto hawezi kujigeuza, anashinda akiangalia upenyo huo mchana kutwa, hadi jioni, ploti nzima ikiwasha majiko ya koili na pasi, waya inapopata moto zaidi. Upande wa pili wa kona hiyo, kwenye chumba cha Mama Otis, ndipo kichwa cha kitanda chake kilipo, na usiku tunamsikia akikoroma.

Nilimuuliza kama ni Mama Otis, naye akanionyesha. Alikuwa anaangalia waya. Mimi nikasoma ndiyo.

Harufu pia nilikuwa nimeisikia. Siku nyingi tu. Nilisema ni watu wanachoma takataka upande wa Mashimoni.

Na Faith aliniuliza.

Nikampigia Mama Otis. Simu imezimwa. Nikapiga tena. Imezimwa. Rispa akaniambia, "Nenda, mimi nipo na mtoto," nami nikawa tayari ngazini. Nilichukua boda. Sikumbuki njia. Nakumbuka nilikuwa namchungulia mwendeshaji begani nikitafuta moshi mbele, na mtaa wetu hauishi moshi. Kila moshi ulikuwa wa kwetu. Wa mandazi ulikuwa wa kwetu. Wa mahindi ya kuchoma ulikuwa wa kwetu.

Nilipokata kona ya ploti, Mama Otis alikuwa amekaa mlangoni kwake na ungo, anachagua omena.

Nikashika ukuta.

Hakusimama. "Umekuja kuchukua vilivyobaki?"

"Mama Otis, kitanda chako bado kiko pale pale?"

"Kitanda?"

"Kichwa bado kiko upande wa kwangu?"

Aliniona sura, akaweka ungo chini. Tukaingia kwake. Nikapanda juu ya kitanda chake na viatu, Mungu anisamehe, nikaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa na joto. Si joto la jua, leo hakuna jua. Ulikuwa na joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa.

Tukaenda kwangu. Nikafungua, nikaishika ile katoni, nikaivuta. Nyuma yake ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa iliyoungua. Ngozi ya waya ilikuwa imeyeyuka ikagandia mbao, na mbao yenyewe ilikuwa nyeusi kuanzia juu hadi karibu na mto wa Nekesa. Nikaigusa kwa kucha. Ikavunjika kama makaa. Kisha, tukiwa tunaangalia hivyo, kitu kikalia *tss* ndani, na cheche moja ndogo ya buluu ikaonekana ikapotea.

"Yawa," Mama Otis akamaka kwa lugha ya kwao, mkono mdomoni. "Hapa ndipo naweka kichwa."

Tukampigia Bonzo. Alikuja na koleo mfuko wa nyuma, anatafuna miraa. Aliinamia mbao, akaichungulia, nikadhani ameelewa. Kisha akakohoa.

"Hii ni kitu ndogo, mathe. Nitafunga tepu."

"Kata," nikamwambia.

"Nikikata, ploti yote inalala giza. Hao watu utawaambia nini?" Akanisogelea. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Na wewe si ulihama? Umerudi kutuletea shida ya nini?"

Kila mtu ploti yetu anamwogopa Bonzo. Si kwamba amempiga mtu. Ni kwamba anajua mlango wa kila mtu, saa unayotoka na saa unayorudi. Nilisimama pale nimeshika kipande cha katoni.

Mama Otis ndiye aliyetoka nje. Mtu ambaye nilikuwa nimemhukumu moyoni wiki nzima. Nikamsikia akibisha mlango wa kwanza, kisha wa pili. "Njooni muone. Njooni muone wenyewe." Hakupiga kelele. Watu wakaja, wakaingia wawili wawili kwa sababu chumba ni kidogo. Kila mmoja alitia kidole kwenye mbao, akakiangalia kidole chake, akatoka. Wakajaa pale koridoni.

Baba mmoja wa chumba cha mwisho alikuwa amembeba mtoto wake begani, amelala. Akamwambia tu, "Bonzo, kata."

Mama mwingine akasema, "Kata, tutawasha mishumaa." Mwingine akasema mishumaa nayo ni moto, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha watu walioogopa. Lakini hakuna aliyesema asikate.

Bonzo akapanda juu ya ndoo. Akakata.

Nilimwomba Mama Otis tuje naye huku. Akasema omena zitalala na nani. Tukakivuta kitanda chake hadi katikati ya chumba, sisi wawili, kila mtu upande wake. Akaniuliza kama Nekesa anakula. Nikamwambia kwamba Nekesa ndiye aliyesema, kwamba alikuwa anaogopa kwa ajili yake. Akakaa kitandani. Akavua kilemba, akajifuta uso nacho, akakaa hivyo hivyo.

Nilitaka kumwambia na yale mengine. Nikashindwa. Nikashika njia.

Dukani bado sijawaambia. Nikimwambia Faith ukweli, waranti imekwisha, na hii mashine bado naihitaji iwe na mtu wa kuitengeneza. Nikinyamaza, nimedanganya mara ya pili. Najua tu kwamba haitarudi Lindi, wala mtoto hatarudi kwenye kile chumba. Nitatafuta nyingine, hata kama ni ndogo kuliko ile.

Niliandika haya yote nikafika kwenye kile kitufe cha kuchapisha, nikasimama. Otis, mtoto wake, husoma hapa. Angemsomea mamake. Haingekuwa sawa Mama Otis asikie kwa mdomo wa mtu mwingine kwamba nilimshuku.

Kwa hivyo nimempigia sasa hivi. Simu ilikuwa imewashwa.

"Mama Otis," nikamwambia, "nilipomtoa mtoto, si Rispa aliyekuwa na hamu. Nilikushuku wewe. Nilidhani unamfanyia kitu."

Nikasikia kitanda chake kikilia, amekaa.

"Nilijua," akasema. "Mtu hamtoi mtoto hivyo bila sababu. Nilikaa nikijiuliza ni nini nilifanya. Nikahesabu kila siku, nikakosa."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Si leo." Nikamsikia akivuta pumzi. "Nyathina amekula?"

"Amekula. Amekataa ugali."

"Huyo amepona."

Ningependa kumalizia hapo. Lakini akaniambia pia kwamba Bonzo amerudi jioni hii na waya nyingine, na ploti ina taa. Anasema ni mpya. Ameipitisha upande ule mwingine. Mama Otis amekataa isiingie kwake, anatumia tochi ya simu, ndiyo maana anataka tukate simu ili asimalize chaji. Nikamwambia afunge mlango aje, nitamlipia boda. Akasema Jumamosi, akishauza omena zilizobaki.

Jumamosi iko mbali sana.

Nekesa anaangalia dirisha hapa kando yangu na sijamwambia kwamba taa zimerudi kule. Akiniuliza nitamwambia, kwa sababu sasa anaweza kuuliza.

Kesho alfajiri, kabla ya kwenda kuwasha jiko langu pale mjengo, nitapitia Lindi. Nitabisha mlango wa Mama Otis, nisimame, nimsubiri aniulize kwa ile sauti yake ya usingizi, "Nani?"